Kujiandaa na GRE kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane, wa tisa hivi, simu yangu inaanza kujaa maswali juu ya GRE, ule mtihani wa Kingereza na hesabu ambao vyuo vya Marekani vinawaomba wanaotaka kusoma masta kule. Yaya, nataka kuomba masta Marekani, wananiambia nifanye GRE, ni ngumu? Yaya, ile hesabu yake ni ya politeknike? Yaya, Kingereza changu ni kidogo, nitaweza kweli? Wengi ni wadogo zangu wa hapahapa Lubumbashi, Kongo, wa kampasi ya Kasapa, ndo maana wananiita yaya, mkubwa wao, wengine wako Likasi na Kolwezi, namjibu mmoja mmoja kwa voisi ndefu mpaka sauti inakauka, sasa nimeona afadhali niandike yote mara moja.

Jambo kubwa ninalotaka kusema ni hili. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, huu mtihani tunauogopa mahali ambapo tuna nguvu, na tunatulia mahali ambapo unatuangusha. Mtu anatetemeka juu ya yale maneno marefu ya Kingereza na kumbe mengi anayajua tayari. Afu kwa hesabu anasema aah hesabu haina shida, mi nilifanya integrali na matrisi, na palepale ndo alama zinamwagika. Nimeona hivyo kwa watu wengi, watu wenye akili sana, na inaniuma juu wangeambiwa mapema wangepanga masomo yao vingine kabisa.

Tuanze na kuelewana hii kitu ni nini, manake wengi wanaichukulia kama Exetat, ule mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari. Sisi tumekulia ndani ya Exetat, ile siku matokeo yanatoka mji wote unajua, watoto wanamwagiwa pudre kichwani, wanakimbia barabarani wakiimba, na ambaye jina lake halikutoka anajifungia chumbani. GRE haina kupita wala kuanguka. Ilianza mwaka 1936 kama jaribio la vyuo vinne vya mashariki ya Marekani pamoja na Carnegie Foundation, leo inaendeshwa na ETS, shirika lililoundwa 1947, na kazi yake ni kuwapa wale wanaochagua wanafunzi kipimo kimoja cha kulinganisha watu waliosoma sehemu tofauti tofauti. Unapata namba ya verbal, yaani sehemu ya lugha, kati ya 130 na 170, namba ya hesabu kati ya 130 na 170, na ya insha kati ya 0 na 6 kwa kupanda nusu nusu. Pembeni ya kila namba kuna asilimia inayoonyesha umewazidi watu wangapi kwa mia. Basi. Hakuna anayekuambia umefaulu, ni idara unayoomba ndo inaamua kama namba yako inawatosha, na idara ya uhandisi itaangalia hesabu sana huku ya historia ikiangalia verbal na insha.

Na kabla hujatoa hata franka moja, uliza kama idara yako inaitaka. Tangu 2020 idara nyingi za Marekani ziliiondoa, zingine zinasema ukipenda tuma usipopenda acha, zingine hata ukituma haziangalii. Ndani ya chuo kimoja uchumi wanaweza kuitaka na afya ya jamii hawaitaki, kwa hiyo usisome ukurasa wa chuo ukaridhika, soma ukurasa wa idara yenyewe na wa mwaka huohuo unaoomba. Ada ni dola 220 sehemu nyingi za dunia. Hizo ni pesa nyingi, kwa watu wengi wa Katuba au Kenya, komini zetu za hapa Lubumbashi, ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Punguzo lipo lakini limewekewa raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu, sisi tunalipa yote.

Jambo lingine la mapema, yale mapdf. Kuna mapdf ya GRE yanazunguka kwa WhatsApp na kuna vitabu vya fotokopi vinauzwa ambavyo vimezeeka sana. Ukiona kitabu kina antonimu, yale maswali ya kutafuta neno la kinyume, na alama za 200 mpaka 800, hicho ni cha kabla ya Agosti 2011, kiweke pembeni. Ukiona kinakuambia mtihani unachukua karibu saa nne na una insha mbili, hicho ni cha kabla ya tarehe 22 Septemba 2023. Siku hizi ni saa moja na dakika 58, insha moja ya dakika 30, verbal vipande viwili (maswali 12 kwa dakika 18, afu 15 kwa dakika 23), hesabu vipande viwili (12 kwa dakika 21, afu 15 kwa dakika 26). Hakuna mapumziko yaliyopangwa katikati. Mtu anayejizoeza na kitabu cha zamani anajifunza mwendo ambao haupo tena. Maswali yenyewe ya verbal na hesabu ya kuanzia 2011 bado yanafaa, ni ule mpangilio na dakika ndo vimebadilika.

Sasa tuje kwa maneno, hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1066 Wanormandi waliichukua Uingereza, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu wa juu kule, mahakimu, mabwana, waliongea aina ya Kifaransa. Kingereza kikameza maelfu ya maneno ya Kifaransa, na baadaye wasomi wakaongeza ya Kilatini. Ndo maana Kingereza cha vitabuni kinafanana sana na Kifaransa kuliko Kingereza cha sokoni. Na GRE inavua samaki wake huko vitabuni. Angalia maneno ambayo kila orodha ya GRE inayo: loquacious, taciturn, laconic, prolix, ephemeral, pusillanimous. Kijana wa Chicago anakaa usiku na vikadi anameza pusillanimous kama dawa chungu, hajawahi kulisikia maishani mwake. Wewe uliliona pusillanime kwenye teksti ya Kifaransa ukiwa mwaka wa tano au wa sita wa humanite, sekondari yetu, mwalimu akakuuliza maana yake mbele ya darasa. Loquace, taciturne, laconique, prolixe, éphémère, yote hayo unayo kichwani. Chukua orodha yoyote ya maneno mia tano ya GRE, pita na kalamu, weka alama kwa yale unayoyatambua kwa njia ya Kifaransa tu. Wadogo zangu wakifanya hilo zoezi sura zinabadilika palepale, mtu anakaa wima.

Shida iko wapi sasa? Iko kwa maneno mafupi. Wary, shun, balk, wane, belie, gainsay. Hayo hayakupita Ufaransa, ni ya Kingereza cha zamani au yalikuja kwa njia nyingine, na Kifaransa hakitakusaidia kitu. Na kuna yale mafupi zaidi ambayo unadhani unayajua: check, stem, flag, want, table. Flag unajua ni bendera, lakini kwa GRE inaweza kuwa kitendo, kulegea, kuishiwa nguvu. Stem na check zote zinaweza kuwa kuzuia. Want inaweza kuwa ukosefu. Qualify inaweza kuwa kupunguza ukali wa ulichosema, kuweka mpaka. Mtu anasoma sentensi, anaona neno la darasa la kwanza la Kingereza, anapita bila kusimama, na jibu limejificha hapo.

Afu kuna yale yanayofanana na yetu kwa sura na kumbe tabia ni nyingine. Versatile kwa Kifaransa ni mtu wa kigeugeu, leo hivi kesho vile, ukimwita mtu hivyo umemtukana. Kwa Kingereza ni sifa, ni mtu anayeweza kazi nyingi. Candide kwa Kifaransa ni yule mtu asiyejua ubaya wa dunia, candid kwa Kingereza ni anayesema ukweli waziwazi bila kuficha. Mtu sanguin kwetu ana damu moto, anakasirika haraka, na sanguine ya Kingereza ni mwenye matumaini mema. Haya sio mengi, lakini watunga mtihani wanayapenda, na kwa mtu wa Chicago hayana hatari yoyote, hatari ni kwako tu. Kwa hiyo daftari lako la maneno lisiwe lile kila mtu analo. Yale marefu ya kifaransa yapitie haraka, nguvu yako ya usiku iweke kwa mafupi na kwa haya yanayodanganya.

Na usikariri neno peke yake likiwa limesimama. Maswali ya verbal yanakupa sentensi yenye mapengo, na ndani ya sentensi kila mara kuna neno linalogeuza njia. Mfano nimetunga mwenyewe, nauweka kwa Kiswahili ili uone mifupa yake: ingawa majirani walimjua kama mtu ______, siku ile ya kilio aliongea mpaka usiku bila kukoma. Ukiona ingawa, unajua pengo lazima lipingane na kuongea bila kukoma, kwa hiyo hata kabla ya kuangalia majibu weka neno lako mwenyewe, mkimya, ndo uende kulitafuta pale chini, na utakuta taciturn inakungoja. Anayeanza na majibu anaona maneno matano mazuri yote yanamwita. Although, despite, yet, far from, hardly, rather than, vineno kama hivyo vijue kama jina lako, vina faida kuliko neno lolote la kifahari. Na pengo likiwa zaidi ya moja, ukipata mawili ukakosa la tatu hupati kitu, hawatoi nusu. Kwa yale ya kuchagua majibu mawili kati ya sita, hivyohivyo, lazima yote mawili yawe sawa, na hayo mawili yanatakiwa kuipa sentensi maana moja.

Za kusoma na kuelewa, sitasema mengi. Jibu kwa kile kilichoandikwa pale, usijibu kwa unachokijua wewe. Kifungu kikiwa cha jiolojia na wewe ulisoma jiolojia, hapo ndo kuwa mwangalifu sana, juu utaona jibu la kweli duniani ambalo mwandishi wa kile kifungu hakulisema.

Hesabu. Wadogo zangu, sikilizeni vizuri hapa. Trigonometria haimo, integrali haimo, matrisi haimo. Ni aritmetiki, aljebra, jiometri na kusoma majedwali na grafu, vitu vya shule ya sekondari. Na hilo ndo linawalaza watu, wanaona ni rahisi, hawajizoezi, wanafika pale wanakuta maswali yameandikwa na mtu ambaye anajua kabisa wewe utakimbilia wapi. Kuna aina moja ambayo Exetat haikutufundisha, wanakupa kiasi A na kiasi B, unatakiwa kusema kipi kikubwa, majibu ni yaleyale manne kila mara: A ni kubwa, B ni kubwa, ziko sawa, au haiwezi kujulikana. Wanakuandikia x mraba ni 16, A ni x, B ni 4. Mkono wa mwanafunzi wa hisabati unaandika x ni 4, ziko sawa, anasonga mbele na furaha. Na x inaweza kuwa hasi 4, chini ya sifuri. Kwa hiyo haiwezi kujulikana. Swali kama hilo halipimi hesabu ulizosoma politeknike, linapima kama unasimama kidogo na kujiuliza: je namba hasi? je sifuri? je sehemu ndogo chini ya moja? Mimi nawaambia wajizoeze kuweka hizo tatu kila wakiona herufi, mpaka iwe tabia.

Asilimia nayo inaua watu. Chukua mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, tuseme ni dola 20. Barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inafungwa, bei inapanda asilimia 20. Barabara inafunguliwa, bei inashuka asilimia 20. Mama anayepika bukari, ugali wetu, kila siku atakuambia haijarudi palepale, na ana haki, ilipanda ikafika 24, na asilimia 20 ya 24 ni 4.80, kwa hiyo sasa ni dola 19.20. Mwanafunzi aliyemaliza lisansi ya uchumi anajibu 20 juu ana haraka.

Na sasa ile ambayo hakuna kitabu cha Kimarekani kitakuambia. Sisi tunaandika namba kwa njia ya Kifaransa, mkato ndo unatenga desimali, tatu na nusu tunaandika 3,5. Wao mkato wanautumia kutenga maelfu na nukta kutenga desimali. Ukiona 1,250 kwenye jedwali la GRE, hiyo ni elfu moja mia mbili na hamsini. Ukiwa umechoka, macho yaliyosoma Kifaransa miaka kumi na saba yanaiona moja na robo, na majibu yaliyowekwa pale chini yanaweza kabisa kuwa na moja ya kukupokea. Pale unapoandika jibu mwenyewe kwenye kisanduku, tumia nukta. Na billion! Ya Kingereza ni miliari yetu, milioni elfu moja. Un billion wa Kifaransa ni milioni mara milioni, kubwa mara elfu. Grafu ya bajeti ya nchi fulani ikiandikwa kwa billion, na swali likiuliza ni milioni ngapi, mtu wetu anaongeza sifuri tatu ambazo hazipo. Andika hizi mbili kwa karatasi, bandika ukutani karibu na kitanda, zisome kila asubuhi mpaka siku ya mtihani.

Kalkuleta ipo kwenye skrini, inafuata utaratibu wa matendo, ina kipeuo cha pili, lakini inakula muda. Ukiona unaihitaji kwa kila swali, kuna njia fupi haujaiona.

Kuhusu muda, kipande cha pili cha verbal na cha hesabu kinatungwa kulingana na ulivyofanya cha kwanza. Ukifanya vizuri cha kwanza, cha pili kinakuwa kigumu zaidi, na hilo ni jambo jema. Usikae unajiuliza hiki ni kigumu au chepesi, unapoteza sekunde. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache hata moja wazi. Swali lililokukwama weka alama, chagua chochote, endelea, urudi kama dakika zimebaki, inaruhusiwa ndani ya kipande hichohicho.

Insha sasa. Dakika 30, mada moja, unaambiwa useme unakubali kiasi gani na kwa nini. Orodha nzima ya mada ETS wameiweka kwenye tovuti yao bure, ni ndefu lakini ipo, isome, usisubiri ushtuke. Sisi tulifundishwa disertasio: utangulizi mrefu, kueleza maana ya kila neno, tezi (hoja), antitezi (hoja ya kupinga), sintezi (kuziunganisha), na wewe mwenyewe unafikiri nini tunajua mstari wa mwisho. Ukiandika hivyo hapa, anayesahihisha anasoma nusu nzima ya kazi yako bila kujua umesimama wapi, na anasoma nyingi, na pembeni yake kuna programu ya kompyuta inayosahihisha pia. Sema msimamo wako mwanzoni, aya ya kwanza kabisa. Halafu toa sababu, kila moja na mfano wake, na aya moja ya kukubali pale upande mwingine una haki na kwa nini bado unabaki ulipo. Ile antitezi yetu tunayoijua vizuri inafanya kazi nzuri sana hapo, usiitupe, ibadilishie tu mahali.

Mifano, naomba tuache kuwapelekea Gandhi na Einstein ambao kila mtu anawaleta. Tuko na vyetu. Tuseme mada inauliza kama nchi iweke nguvu zote kwa kitu kimoja inachokiweza au isambaze. Umezaliwa Lubumbashi, unalo jibu la kuandika kurasa kumi. Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, mshahara, hospitali, shule za watoto, hata unga wa mwezi ulitoka kwake. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na ikifika katikati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mji wote ukayumba juu mguu ulikuwa mmoja. Mfano kama huo una namba, una mahali, una watu, na yule anayesahihisha hajausoma kwa insha mia zilizopita. Mtoto wa Katanga akiandika hivyo anaandika kwa moyo, Kingereza chenyewe kinanyooka.

Ila mikono. Hii inaonekana ndogo na sio ndogo. Mashini zetu nyingi, yaani kompyuta, zina klavye (kibodi) ya AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, A iko pale wao wanaweka Q, Z iko pale wanaweka W, M iko mbali, nukta unabonyeza vidole viwili. Ukienda kufanya kwenye kituo utakuta QWERTY, mpangilio wao, na mtu aliyezoea AZERTY anaandika qnd badala ya and mara hamsini, anarudi kufuta, dakika zinaenda. Programu yao haisahihishi makosa ya herufi, inakata, inabandika, inafuta, basi. Ukijua utafanyia kituoni, azima mashini ya QWERTY wiki nyingi kabla na andika kila siku kitu chochote. Ukifanyia nyumbani na mashini yako, hilo limekwisha.

Na kufanyia nyumbani inawezekana tangu 2020, bei ileile, mtihani uleule, mtu anakuangalia kwa kamera. Kwa sisi wa Lubumbashi ni msaada mkubwa, unaokoa safari na viza na hoteli, lakini parsele zetu, zile nyua tunazokaa watu wengi, mnazijua. Unatakiwa uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, mtu akiingia tu wanaweza kusimamisha mtihani. Masikio wazi, hakuna vifaa vya kusikilizia. Karatasi ya kawaida ya kukokotolea haikubaliki, ni ubao mdogo mweupe, au karatasi moja ndani ya plastiki inayoonyesha, na feltre, kalamu ya wino, ya kufutika. Uwe na kioo kidogo cha mkono, watakuomba uwaonyeshe skrini yako. Ongea na familia nzima siku kadhaa kabla, mama, wajomba, watoto, hata yule jirani wa spika kubwa, nenda kwake kwa heshima umweleze, watu wanaelewa wakielezwa vizuri. Saa za kufanya ziko mchana na usiku, kwa hiyo chagua saa ambayo umeme wa kartiye yenu haukatiki sana na makanisa yamenyamaza, wengi wangu wanachagua usiku mkubwa. Betri ya mashini ijae, simu ya pili iwe na mega za intaneti za kutosha kama koneksio kuu ikianguka. Na jitahidi umalize kabla mvua hazijakolea, mwezi wa kumi na moja radi moja inaweza kulaza umeme wa komini nzima.

Saa yenyewe iangalie mara mbili. Nchi yetu ina majira mawili, Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na ukichagua Kinshasa bila kuangalia utafika kwenye mtihani saa moja kabla au saa moja baada.

Majina. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili la kiafrika) na prenomu (jina la kizungu), tangu mwaka 1972 wakati Mobutu alipokataza majina ya kizungu watu wakajaza postnomu, na baadaye prenomu zikarudi zikakaa pembeni yake. Fomu ya Kimarekani ina nafasi mbili tu. Usijibunie. Fungua pasipoti, angalia imeandikaje, herufi kwa herufi, jaza akaunti ya ETS hivyohivyo. Kama diploma inasema Mukendi na pasipoti inasema Mukendy, suluhisha hilo kabla ya kulipa, juu siku ya mtihani jina lisipolingana na kitambulisho hawakuruhusu na pesa inaweza kwenda. Asiye na pasipoti aanze nayo kabla ya maneno na hesabu, ndo inachukua muda kuliko vyote. Na kulipa ni kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya intaneti, sio lazima iwe yako, mjomba au rafiki mwenye kadi anaweza kukulipia, ila panga naye mapema na umpe noti safi, unajua mwenyewe noti ya dola ikichanika kidogo hapa hakuna anayeipokea.

Kujizoeza, anza na PowerPrep, mazoezi ya mtandaoni ya ETS yenyewe, wana mitihani miwili kamili ya bure. Wa kwanza ufanye mwanzoni kabisa kabla hujasoma chochote, na saa mbele yako, ili ujue unapoanzia. Wa pili usiuguse mpaka wiki mbili za mwisho. Katikati hapo miezi mitatu inatosha kwa mtu anayefanya kazi, saa moja na nusu kwa siku, ila iwe kila siku kweli, na kila swali ulilokosa andika kwa nini ulikosa: sikulijua neno, sikufikiria namba hasi, nilisoma mkato vibaya. Baada ya mwezi ile orodha inaonyesha wazi ugonjwa wako ni upi, na kwa watu wetu karibu kila mara ni haraka kwa hesabu na maneno mafupi. Msome wawili au watatu kama mnaweza, sio zaidi, kikundi kikubwa kinageuka maongezi.

Mwisho wa mtihani utaulizwa kama unataka alama zitolewe au zifutwe, kabla hujaziona. Usizifute. Alama za verbal na hesabu zinatokea palepale, na siku hiyo unaweza kutuma kwa idara nne bila kulipa zaidi, kila ya ziada baadaye unalipia, kwa hiyo uwe na majina ya idara zako nne tayari. Matokeo rasmi yanaingia kwenye akaunti siku 8 mpaka 10 baadaye, yanakaa miaka 5. Ukitaka kurudia lazima zipite siku 21, na hairuhusiwi zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12, halafu unachagua mwenyewe ni za siku gani utume. Idara nyingi zinafunga maombi mwezi wa kumi na mbili, zingine tarehe moja kabisa, kwa hiyo anayetaka nafasi ya kurudia afanye ya kwanza kabla mwezi wa tisa haujaisha. Na kama ukurasa wa idara haujasema wazi kuhusu GRE ya mwaka huu, waandikie imeili fupi yenye swali hilo moja tu, wanajibu, na jibu lao ulihifadhi.